Umri wa Makundi ya Nyota

Watu husema kwamba mbingu hazibadiliki: nyota alizoziona babu ndizo azionazo mjukuu. Jioni hii twapenda kuonyesha kwamba hubadilika, ila maisha ya mtu ni mafupi mno kuyaona mabadiliko hayo.

Basi yajulikanaje? Mgeni apitaye siku moja katika mashamba ya mkonge ya Korogwe huona miche kitaluni, mikonge iliyo tayari kukatwa majani, na ile iliyokwisha kutoa mlingoti, ambayo i karibu kufa. Hakukaa miaka mingi, walakini amejua maisha ya mkonge tangu mwanzo hata mwisho.

Mbinguni pia ni hivyo. Jua letu ni nyota moja katika kundi kubwa liitwalo galaksi, na ule ukanda mweupe tuuonao usiku wa giza ndiyo galaksi yetu, twaitazama tukiwa ndani yake. Nje yake ziko nyingine nyingi. Nuru hukawia njiani, kama barua iletwayo kwa miguu kutoka Handeni: ikifika Korogwe hutoa habari za siku ilipoandikwa. Nuru ya galaksi ya Andromeda, ionekanayo kaskazini mwezi wa Novemba kama wingu hafifu, imesafiri miaka milioni 2.5. Kwa hiyo kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo tuionavyo ingali changa.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, imeona galaksi za wakati ulimwengu ulipokuwa haujatimiza miaka milioni 300. Leo umri wake ni miaka milioni 13,800. Galaksi zile za kale zilikuwa ndogo, nyingi hazina umbo kamili, zimejaa gesi. Baadaye zikagongana, zikaungana, zikakua. Yapata miaka milioni 10,000 iliyopita nyota zilizaliwa kwa wingi kupita wakati wowote. Sasa huzaliwa kama sehemu moja katika kumi ya zile, kwa kuwa gesi imepungua. Galaksi isiyozaa tena hugeuka kuwa nyekundu, maana nyota kubwa za buluu hufa mapema.

Wala kufa kwao si hasara. Hapo mwanzo chuma hakikuwako. Kilifanyika katika nyota zilizopasuka, kikatawanyika, kikachanganyika na gesi iliyofanya Jua na dunia yetu. Mkulima wa Handeni ashikapo jembe, ameshika kitu kilicho kikongwe kuliko Jua limwangazialo.