Mkono wa Mwanamke Ufike Kwenye Kompyuta

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na mmoja wa makatibu wa chama mbele ya wanachama, wazazi na vijana wa Mtunda, wilaya ya Kibiti. Tunaichapa kama ilivyosomwa.



Hatukuja Mtunda leo kuomba kura wala kuchangisha fedha. Tumekuja na neno moja tu, nalo ni hili: mtoto wa kike wa hapa asome kazi ya kompyuta, aijue, aifanye, na apate riziki yake kwayo. Hatusemi aishike siku ya sherehe apigwe picha. Twasema aijue kama seremala ajuavyo randa yake.

Twajua wako watakaocheka. Watasema, “Sisi ndege wanatumalizia mpunga bondeni, ninyi mwatuletea habari za kompyuta.” Tunawaomba watusikilize mpaka mwisho, kisha wakitaka kucheka wacheke.

Ndugu zangu, kompyuta haiji, imekwisha kuja. Ufuta na korosho za mkoa huu zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa, ambalo wengi mwaliita TMX. Mkulima hupeleka mzigo wake ghalani, na bei yake huamuliwa kwenye kioo asichokiona. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na siku hizi hata bibi asiyejua kusoma ana namba yake ya siri. Na huko juu ya mto wetu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za jumla ya megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme Februari 2024. Maji ya Rufiji yanawasha kompyuta za Dar es Salaam na Dodoma. Sasa tuulizane: mbele ya kompyuta hizo ameketi mtoto wa nani?

Wala hii si mara ya kwanza kwa kompyuta kutuhusu. Wazee mtakumbuka kwamba mwaka 1998, Kibiti ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, walianza kupita watu nyumba kwa nyumba katika vijiji vingi vya wilaya, madaftari mikononi. Kila baada ya miezi minne walirudi. Waliuliza: nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki, na aliumwaje kabla ya kufariki? Majibu yakapelekwa Ikwiriri, yakaingizwa kwenye kompyuta. Habari za watu zaidi ya 80,000 zikawekwa mahali pamoja.

Kompyuta ikasema nini? Ikaonyesha kwamba malaria ndiyo iliyokuwa ikitumaliza kupita maradhi mengine, na kwamba fedha za afya hazikuwa zikienda huko kwa kadiri ya msiba wenyewe. Viongozi wa afya wa wilaya wakapanga fedha upya kwa kufuata hesabu. Wauguzi wakafundishwa utaratibu bora wa kumtibu mtoto mgonjwa, na vyandarua vikatiliwa mkazo. Katika Rufiji, na katika Morogoro Vijijini iliyofuata mpango huo huo, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka kama mitano.

Kompyuta haikumtibu mtoto hata mmoja. Ilihesabu tu. Lakini kabla ya kuhesabiwa, mtoto aliyekufa kijijini alikuwa msiba wa mama yake peke yake. Alipohesabiwa, akawa jambo la wilaya nzima.

Hapo ndipo penye neno letu. Anayeketi mbele ya kompyuta ana sauti katika kuamua kipi kiulizwe na kipi kiachwe. Wakiketi wanaume watupu, wataandika yale wayajuayo. Wataandika magunia ya korosho, watasahau safari ya mama mjamzito anayetoka visiwani kwa mtumbwi kutafuta zahanati. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu hawajapanda mtumbwi ule wakiwa na uchungu. Basi mwanamke asipokuwapo pale, mambo ya mwanamke hayahesabiwi. Na yasiyohesabiwa hayatengewi fedha.

Tuseme na makosa yetu wenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu, chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache kuliko wanafunzi. Tukakaa watatu watatu kwa kila mashine. Nani alishika kipanya? Mvulana. Nani aliandika daftarini yale yaliyotokea kwenye kioo? Msichana. Hapakuwa na amri wala tangazo. Tulikaa tu hivyo, kama watu waliokwisha kuambiwa zamani. Mwisho wa mwaka wote tulipata cheti kimoja, lakini wenzetu wa kike walikuwa wameitazama kompyuta, na sisi tulikuwa tumeitumia. Kati yao alikuwapo aliyetushinda sote kwa hesabu. Sisi tunaosema nanyi hapa tulikuwa miongoni mwa walioshika kipanya, wala hatukusogea. Kisha tukatumwa mashuleni kufundisha, na yeye akatumwa kufundisha. Mtoto wa kike akimwuliza mwalimu huyo wa kike habari za kompyuta, atajibiwa nini? Hivyo ndivyo kosa la chumba kimoja linavyoenea shule nyingi.

Wako wasemao kwamba hesabu ni ngumu kwa mtoto wa kike. Jamani, watu wa Rufiji ndio waseme hivyo? Mikeka ya hapa yajulikana pwani nzima. Mama anaposuka ukili, miyaa ni mingi mikononi, mingine imetiwa rangi, mingine nyeupe. Ajua upi upite juu, upi upite chini, na baada ya mara ngapi rangi irudi ili ua litokee. Akikosea mmoja, ua lote laharibika, naye hufumua mpaka pale alipokosea na kuanza tena. Hana karatasi; utaratibu wote umo kichwani.

Na kuandika programu ya kompyuta ndiko huko: kupanga hatua moja baada ya nyingine, kusema lini irudiwe na mara ngapi, na kutafuta kosa pale lilipo bila kukasirika. Hatusemi hivi kwa kuwapendeza mama zetu. Huko Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1800, Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma nguo uliofuata kadi zenye matundu ili kutoa maua kwenye kitambaa. Mwingereza Charles Babbage aliazima kadi hizo kwa mashine ya hesabu aliyokuwa akiibuni, na mwaka 1843 mwanamke, Ada Lovelace, alichapisha maelezo ya hatua ambazo mashine hiyo ingefuata kufanya hesabu. Elimu hii ilitoka kwa wafumaji.

Tena huko Marekani, kompyuta kubwa ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu mwaka 1946, walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Sifa zilikwenda kwa wanaume walioiunda, na majina ya hao sita yakakaa miaka mingi bila kutajwa. Twawataja hapa Mtunda ili asiwepo wa kutuambia kwamba kazi hii ilizaliwa ya kiume.

Wako wengine wasemao, “Binti akisoma hayo atakwenda mjini, atapotea.” Wavulana wangapi wa hapa wamekwenda mjini, na nani aliwazuia? Hata hivyo, kazi hii haimtaki kila mtu mjini. Uingereza mwaka 1962 mwanamke aitwaye Stephanie Shirley alifungua kampuni ya kuandika programu, akawaajiri kina mama waliofanya kazi nyumbani kwao huku wakilea watoto. Barua zake za kuomba kazi hazikuwa zikijibiwa, mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Na hapa kwetu, tangu 2013, Apps and Girls iliyoanzishwa Dar es Salaam na Carolyne Ekyarisiima imekuwa ikiwafundisha wasichana kuandika programu. Kama binti wa Dar es Salaam aweza, wa Mtunda amepungukiwa nini isipokuwa nafasi?

Wako wasemao, “Wangu alipata mimba, mambo yamekwisha.” Hayakwisha. Novemba 2021 serikali iliwafungulia mlango wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya kujifungua, warudi kusoma. Mzazi anayemficha binti yake jikoni kwa aibu anaufunga mlango ambao nchi imeufungua.

Na wako wasemao hakuna fedha. Hilo ni kweli kwa wengi, wala hatulidharau. Lakini mlango upo: kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mwaka 2022 ulianzishwa ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi. Ila mlango huo hafikii aliyeachishwa fizikia katika kidato cha pili. Hafikii pia aliyekaa dunguni kuamia ndege miezi yote ya mpunga wakati kaka yake yuko darasani. Hatukuja kupiga vita kilimo wala mila. Ndege waamiwe, na mwali achezwe ngoma yake. Twasema tu kwamba zamu ya dungu iwe ya watoto wote, na kwamba pale zinapopatikana fedha za ngoma, zisikosekane za daftari.

Ndugu zangu, nchi yetu nayo iliwahi kuiogopa mashine hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960. Hesabu zikaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ikapita, wenzetu wakijifunza. Kosa halikuwa la mashine. Utaalamu wetu wenyewe ulikuwa mchache. Dawa ya jambo usilolijua ni kulisoma, na taifa likisoma kwa nusu ya watu wake linajipiga marufuku lenyewe.

Tumalizie kwa habari ya nyumbani. Mwaka 1955 TANU ilipounda tawi la wanawake, kazi alipewa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyesoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Hakusema elimu yake ndogo. Yeye na wenzake walipita mtaa kwa mtaa, kikundi kwa kikundi, wakiandika majina, na katika miezi michache wakaandikisha wanawake kiasi cha 5,000. Baadaye aliingia Bungeni akiwa mbunge wa Rufiji hii hii. Alianza na daftari.

Nasi tunaomba tawi la Mtunda lianze na daftari. Tunaleta mbele yenu mambo matatu myapitishe leo.

Kwanza, tawi lifungue daftari la mabinti wote wa kata hii walio sekondari na waliomaliza kidato cha nne. Liandikwe na kina mama wa tawi. Kila jina liandikiwe: anasoma nini, ameishia wapi, na nini kilimzuia. Mkutano ujao lisomwe hadharani.

Pili, wazazi na walimu wakubaliane kwamba hapana mtoto wa kike atakayeachishwa hesabu na fizikia kwa sababu tu ni wa kike. Na kila penye kompyuta, hata ikiwa moja, wasichana wapewe zamu yao kamili ya kuketi mbele yake na mikono yao juu yake.

Tatu, sisi makatibu tuliosoma tutoe siku moja ya kila wiki kuwafundisha mabinti hao tunachokijua, na kuwasaidia kuandika maombi ya vyuo na ya mikopo. Sisi tulioshika kipanya wakati ule ndio tunaopaswa kusogea sasa.

Wazee wetu, mama zetu, mkituuliza faida yake ni nini, tutajibu hivi. Siku moja atakuja tena mtu kuhesabu watoto wa delta, mazao ya delta na misiba ya delta. Tunataka siku hiyo, atakayefungua kompyuta na kuuliza swali la kwanza awe binti aliyezaliwa hapa, aliyeamia ndege hapa, anayeijua njia ya mtumbwi. Huyo hatahitaji kuambiwa nini kisisahaulike.

Uhuru na Kazi!