Mtu Aliyevunjika Mgongo: Namna ya Kumchukua na Namna Anavyotibiwa



Katika nchi ya Mutomo, upande wa kusini wa Kitui, watu hupanda miti kwa sababu nyingi. Wako wanaopanda kutundika mizinga au kurina asali, wako wanaopanda mibuyu kuangusha mabuyu ya kuuza, na wako wanaopanda miembe wakati wa maembe. Wengine hushuka visimani kwa kamba kuchimba maji yanapokauka. Katika kazi zote hizo kuna kuanguka, na katika kuanguka kuna kuvunjika mgongo.

Mtu akianguka kutoka juu, jambo linalofuata aghalabu ni hili. Watu hukimbia kumsaidia. Wawili humshika kwapani, wawili humshika miguu, humketisha chini ya mti ili anywe maji, kisha hutafutwa pikipiki. Mgonjwa huwekwa katikati, dereva akiwa mbele yake na ndugu yake akiwa nyuma, akimkumbatia asianguke, na safari ya hospitali huanza. Wote wafanyao hivyo hufanya kwa huruma, wala hakuna awezaye kuwalaumu kwa nia yao. Lakini yamkini mtu huyo alipokuwa amelala chini ya mti alikuwa bado ana nguvu za miguu yake, na alipofika hospitali hakuwa nazo tena. Mazungumzo haya yahusu sababu ya jambo hilo.

Mgongo wa binadamu si mfupa mmoja kama fimbo. Ni mifupa mingi midogo, iitwayo pingili, iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Shingoni ziko pingili 7. Kifuani, zile zilizoshikamana na mbavu, ziko 12, na kiunoni ziko 5. Chini ya hizo ziko nyingine 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja, na mwisho kabisa ni kifandugu. Kati ya pingili na pingili pana kitu mfano wa mpira, nacho ndicho kimwezeshacho mtu kuinama na kuchukua mzigo bila mifupa yake kusagana.

Kila pingili ina tundu upande wa nyuma, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mrefu. Ndani ya mfereji huo umepita ugwe, yaani kamba laini ya mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole cha mwisho cha mkono. Ugwe huo hutoka katika ubongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo mishipa huendelea chini kama mkia wa farasi. Mtu akitaka kuinua mguu, amri hupitia humo. Akikanyaga mwiba, habari ya maumivu hupandia humo. Hata habari kwamba kibofu kimejaa hupita njia hiyo hiyo.

Mfupa ukivunjika huunga. Hata pingili iliyopondeka, ikitulizwa vema, kwa kawaida huwa imeshikana baada ya miezi mitatu hivi. Bali ugwe ukikatika au kupondwa, hauungi namna hiyo, na hata sasa hakuna dawa yoyote duniani inayoweza kuufanya uote upya. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuvunjika mgongo na kuvunjika mguu. Mtu aweza kuvunjika pingili na ugwe wake ukawa mzima kabisa. Lakini mfupa uliovunjika hauna tena nguvu ya kuulinda, na kipande chenye ncha kikisukumwa kidogo tu, kwa kumwinua au kumketisha, kinaweza kuuponda.

Kuvunjika kwenyewe si kwa namna moja. Kuna pingili inayobonyea upande wa mbele tu, kama mkebe ulioshindiliwa; hiyo mara nyingi hubaki imara. Kuna pingili inayopasuka vipande pande zote, na vingine kuingia katika mfereji. Hiyo ndiyo ya watu wanaoanguka kutoka juu na kufikia miguu au makalio, nayo hutokea zaidi pale kifua kinapokutana na kiuno, kwa sababu juu ya hapo mgongo umeshikwa na mbavu, na chini ya hapo uko huru kupinda. Kwa ajili hiyo mtu aliyeanguka mtini na kulalamika visigino tu yafaa apimwe na mgongo pia, maana nguvu ile iliyovunja kisigino huendelea kupanda juu. Namna ya tatu ndiyo mbaya kupita zote: pingili huvunjika na kuteleza kutoka mahali pake, na mara nyingi ugwe huumia pamoja nayo. Hii huonekana sana katika ajali za magari na pikipiki. Barabara ya lami itokayo Kibwezi kwenda Kitui kwa njia ya Mutomo imepunguza sana taabu ya safari, lakini mwendo nao umeongezeka.

Wako pia watu ambao mgongo wao huvunjika bila kuanguka popote. Mwanamke mzee ambaye mifupa yake imepungua nguvu aweza kuvunjika pingili kwa kuinua mtungi wa maji tu, naye hudhani ni uzee. Na kuna kifua kikuu cha mgongo, ambacho huila pingili polepole hata ikabomoka na kibyongo kikatokea. Huu ni ugonjwa unaotibika. Katika Kenya mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa hupewa dawa kwa muda wa miezi 12, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Maumivu ya mgongo yasiyokoma, pamoja na homa za jioni na kukonda, hayafai kukandwa kwa mafuta tu.

Sasa na turudi chini ya mti. Aliyeanguka asiinuliwe, asiketishwe, wala asipewe chakula wala maji. Kwanza na itazamwe kama anapumua, maana asiyepumua hana faida ya mgongo mzima. Akiwa na fahamu, aulizwe maumivu yako wapi, na kama aweza kuchezesha vidole vya miguu na vya mikono. Majibu yake yakumbukwe, kwa kuwa daktari atataka kujua hali yake ilikuwaje mwanzo. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake na kukishika kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke huku wala huku. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini asiiache mpaka wafike.

Kisha na utafutwe ubao mpana. Mlango uliotolewa katika bawaba zake wafaa sana. Watu watatu wapige magoti upande mmoja wa mgonjwa, mmoja penye mabega, mmoja penye nyonga, na mmoja penye miguu. Aliyeshika kichwa ndiye mwenye amri. Akihesabu hata tatu, wote wamgeuze kwa pamoja, kama gogo linavyobingirishwa, kichwa, kiwiliwili na miguu vikienda sawa bila kupinda. Mtu wa tano ausukume ubao chini yake, naye arudishwe juu yake vivyo hivyo. Nguo zilizokunjwa ziwekwe pande zote za kichwa, na mwili ufungwe kwa leso au mikanda usiteleze. Akitaka kutapika, ageuzwe ubavu pamoja na ubao wake.

Jambo moja dogo husahauliwa na watu wengi. Mifuko ya nyuma ya suruali itolewe funguo, sarafu na simu. Mtu asiyesikia kitu miguuni hataona kwamba amelalia funguo, na safari ya saa chache yatosha kumtia kidonda kitakachochukua miezi kupona. Kwa sababu hiyo hiyo, akifika hospitali asiachwe juu ya ubao mgumu.

Ikiwa gari la wagonjwa halipatikani, pikapu ni bora kuliko pikipiki, na kungoja saa moja kwa ajili ya pikapu ni bora kuliko kuondoka upesi kwa pikipiki. Ni vigumu watu kulikubali neno hili, kwa maana mwenye uchungu huona kila dakika ni hasara. Lakini mgonjwa anayepumua vizuri na asiyetoka damu nyingi hupotezwa na mtikiso kuliko na kukawia.

Wako wazee katika Ukambani walio hodari wa kuunga mifupa ya mikono na miguu, na watu wamewaamini tangu zamani. Mgongo, hata hivyo, usivutwe wala usikandwe na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha.

Mutomo ina hospitali ya misheni, iliyoanzishwa na Masista wa Huruma kutoka Ireland katika miaka ya 1960. Katika hospitali yoyote mgonjwa apelekwayo, daktari hujaribu nguvu za kila kiungo, kisha humgusa kwa sindano kidogo kidogo kutoka shingoni mpaka miguuni, akiuliza kama asikia. Hugusa hata karibu na njia ya haja kubwa. Wagonjwa wengine huona haya, nao hukataa. Wasikatae, kwa sababu hisia ikiwapo mahali hapo ni dalili njema kwamba ugwe haukukatika wote, na mgonjwa wa namna hiyo ana tumaini kubwa zaidi la kurudishiwa nguvu. Baadaye hupigwa picha za eksirei, na katika hospitali kubwa picha za mashine za CT na MRI, ambayo huonyesha ugwe wenyewe. Aliyeumia ugwe wa kifuani hupoteza nguvu za miguu. Aliyeumia wa shingoni hupoteza za mikono pia, na akiumia juu sana hushindwa hata kupumua. Katika siku na wiki za kwanza ugwe huweza kunyamaza kabisa na baadaye kuamka kidogo, ndiyo maana daktari mwangalifu hatoi ahadi upesi.

Mvunjiko ulio imara hautaki kisu. Mgonjwa hupumzika siku chache, hupewa dawa za maumivu na kizibao kigumu cha kushika mgongo, kisha huanza kutembea. Ule usio imara hutengenezwa kwa operesheni: vipande vinavyoubana ugwe huondolewa, na pingili zilizo juu na chini hufungwa pamoja kwa skrubu na fito za chuma. Pasipo operesheni, mgonjwa hulazwa wiki 6 hadi 12, mgongo wake ukiwa umetegemezwa kwa mito, mpaka mfupa ushikane.

Hapa pana kosa linalowagharimu watu mali nyingi. Jamaa huuza ng'ombe na mbuzi wakidhani kwamba operesheni itamrudishia mgonjwa miguu. Operesheni haiutengenezi ugwe uliokatika. Huuondolea mbano, hulishika boma la mifupa lisibomoke zaidi, na humwezesha mgonjwa kuketi mapema. Hizo ni faida kubwa, lakini jamaa wana haki ya kumwuliza daktari, kabla ya kuuza chochote, ni ipi kati ya hizo anayoitarajia.

Zamani wengi waliopooza hivi walikufa upesi, wala hawakuuawa na mfupa. Waliuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann, aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alianzisha wodi ya wagonjwa hao katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza. Dawa yake kubwa haikuwa ya chupa. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkojo wake utolewe kwa usafi, naye apewe kazi ya mikono na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana huko kwa upinde na mishale, na kutokana na mashindano hayo yakaja yale ya Roma ya mwaka 1960, ambayo leo huitwa Paralimpiki.

Katika Kenya hospitali ya taifa ya majeraha ya mgongo iko Hurlingham, Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutomo, na vitanda vyake ni vichache. Mwaka 2012 Bwana Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wanyang'anyi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili watu wachange fedha za kujenga kituo cha kuwafundisha watu kama yeye kuishi tena. Nchi nzima ilimtazama katika televisheni akisukuma magurudumu kando ya barabara.

Lakini siku nyingi za mgonjwa hazipiti hospitalini, hupita nyumbani. Huko hapahitajiwi mashine. Ageuzwe kila saa mbili akiwa kitandani, na akiketi kitini ajiinue kwa mikono mara kwa mara. Ngozi ya makalio, nyonga na visigino itazamwe asubuhi na jioni, na palipokuwa pekundu au peusi pasilaliwe tena mpaka parudi rangi yake. Asiwekwe karibu na moto wa kuni, kwa maana mguu usiosikia huungua bila mwenyewe kujua. Mpira wa mkojo utiwe kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kwa saa alizoagizwa na daktari, na mgonjwa anywe maji ya kutosha kila siku. Katika nchi kavu kama Mutomo, ambako maji huletwa kwa punda kutoka mbali, huenda jamaa wakampunguzia maji kwa kuwa hafanyi kazi, au yeye mwenyewe akajinyima ili asiwasumbue. Mkojo ukiwa mzito, wenye harufu kali, naye akashikwa na homa na kutetemeka, apelekwe hospitali siku ile ile.