MUS'AB: JINA LA KHERI LINALODHANIWA MSIBA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu vyote kabla hajamkalisha katika ardhi. Twamshukuru, twamwomba msaada na twamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, twajiusia sisi wenyewe na twawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri.

Miongoni mwa haki za mtoto juu ya wazazi wake ni kupewa jina jema. Siku ya saba baada ya kuzaliwa, mtoto huchinjiwa akika, hunyolewa nywele, naye huitwa kwa jina lake. Katika nyanda hizi za kati, watu wa mifugo, twajua sana kumchagua mbuzi wa akika. Twamtazama meno, twampima unono, twauliza asije akawa na kilema. Lakini jina, ambalo mtoto atalibeba hata baada ya nyama kuliwa na kusahauliwa, mara nyingi huokotwa njiani. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi, wa mwezi wa mfungo ni Ramadhani, na wa mwezi unaoutangulia ni Shabani. Hatusemi kuwa majina hayo ni mabaya. Wazee wetu wa Kondoa, Mpwapwa na Dodoma wameyabeba kwa heshima, nayo yametufunga na kalenda ya dini yetu. Twasema tu kwamba yapo majina mengine yenye hazina kubwa, ambayo waweza kupita vyuo vingi vya Kurani usimkute mtoto hata mmoja anayeitwa hivyo.

Jina moja kati ya hayo ni Mus'ab.

Mzazi mmoja wa mkoa huu alituletea swali. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, naye akataka kumwita Mus'ab. Alipolitamka jina hilo mbele ya jamaa, bibi yake mtoto alishtuka akasema, "Mwanangu, waniletea msiba ndani ya nyumba?" Baba mdogo naye akashauri mtoto aandikwe Musa, kwa kuwa Musa ni jina la Nabii na kila mtu analijua. Wengine wakasema kuwa jina hilo wamelisikia katika habari za vita, wakachelea kijana asije akatiliwa shaka akiwa mkubwa. Baba akabaki njia panda, na siku ya saba inakaribia. Twamjibu hadharani, kwa kuwa swali lake si lake peke yake.

Ndugu Waislamu, jina hili ni la Kiarabu, tena ni la kale kuliko kuja kwake Mtume. Lina herufi tatu za asili: sadi, aini na ba. Kwa herufi hizo hupatikana neno sa'bu, yaani kitu kigumu, kisicholegea. Waarabu wa jangwani walipokuwa na ngamia dume bora, hawakumpandisha mizigo wala hawakumtia kamba, bali walimwacha huru kwa ajili ya mbegu. Ngamia huyo walimwita mus'ab. Kisha wakamwita vivyo hivyo mtu aliye bwana katika watu wake. Mfugaji wa Ugogo hahitaji maelezo marefu katika jambo hili. Ajua tofauti iliyopo kati ya maksai avutaye plau na fahali wa mbegu ambaye shingo yake haijui nira. Mus'ab ni fahali huyo.

Basi msiba umeingiaje hapa? Umeingia kwa kupotea herufi moja. Aini hutoka kooni, na ulimi wa Kiswahili umeiacha katika majina mengi: Sha'ban amekuwa Shabani, na Sa'id amekuwa Saidi. Hakuna aibu katika hilo, kwani kila lugha ina koo lake. Lakini aini ikiondoka katika Mus'ab hubaki Musabu, na sikio hulipeleka upesi kwenye msiba. Tena katika Kiarabu lipo neno musaab, lenye maana ya mtu aliyefikwa na jambo zito, nalo ndilo ndugu wa neno letu msiba. Maneno hayo mawili yana wau katika asili yao, si aini. Kwa hiyo Mus'ab na msiba ni kama watu wawili waliofanana sauti wakiitana gizani. Mchana ukifika, huonekana kuwa hawana hata babu mmoja.

Wala asije mtu akasema kuwa jina lenye asili ya ugumu halifai. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiyabadili majina mabaya. Alimtaka mtu mmoja aliyeitwa Hazni, yaani ardhi ya mawe, ajiite Sahli, yaani tambarare. Mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Lakini Mus'ab bin Umeir aliishi naye miaka mingi, akamtuma, akamkabidhi bendera, akasimama juu ya maiti yake, na jina lake hakuligusa. Bali huyo alijulikana kwa lakabu ya Mus'abul Kheri, yaani Mus'ab wa kheri. Bibi aliyesikia msiba na asikie sasa kuwa waliomjua mwenye jina waliliambatisha na kheri.

Na alikuwa nani mtu huyo? Alikuwa kijana wa Makka wa ukoo wa Abdud-Dari, aliyelelewa katika mali, mwenye nguo nzuri na manukato yaliyomtangulia njiani. Aliposilimu, mama yake alimfunga ndani, na raha ile yote ikakatika. Akahamia Uhabeshi pamoja na Waislamu wa kwanza, bara hili hili letu la Afrika. Kisha katika mwaka 621, watu wa Yathrib walipofanya ahadi ya kwanza ya Akaba, Mtume alimtuma aende kuwasomesha Kurani. Mji ule, ambao leo twauita Madina, ulifunguliwa na mwalimu kabla haujamwona mpiganaji.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi sote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, imebaki hofu ya wale waliolisikia jina hili katika habari za vita. Hofu yao ina sababu. Alikuwapo mtu aliyejiita Abu Mus'ab, aliyeongoza mauaji ya watu wasio na hatia nchini Iraki mpaka naye akauawa mwaka 2006. Lakini jina halinajisiki kwa kuchukuliwa na mtu mwovu. Kama lingenajisika, yasingebaki majina mengi duniani. Dawa ya hofu hiyo ni kumjua mwenye jina wa kwanza.

Wasimulizi wa sira wameeleza kuwa Mus'ab alipokuwa akisomesha katika bustani moja ya Yathrib, alimjia mkubwa mmoja wa mji aitwaye Useid bin Hudheir, mkononi ana mkuki, akimtaka aondoke asiwapotoshe wanyonge wao. Mus'ab hakunyanyuka kutafuta silaha. Alimwomba aketi asikilize kwanza. Likimpendeza atalikubali, na likimchukiza wataacha. Useid akaona kuwa huo ni uadilifu, akauchomeka mkuki ardhini, akaketi, akasikiliza, akasilimu. Baada yake akaja Saad bin Muadhi, naye akasilimu, na jamaa zake wakamfuata.

Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na hasa tangu 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, watu wa kila kabila na kila dini wamekuwa majirani wetu, ukuta kwa ukuta. Wengine watatujia na maswali makali kuhusu dini yetu. Mwenye kujibu kwa matusi hakumfuata Mus'ab, hata kama ndilo jina lake. Mwenye kusema, "Karibu, keti tuzungumze," huyo amemfuata, hata kama jina lake ni Juma.

Tukumbuke pia namna dini hii ilivyotufikia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo, na Kondoa ikawa kituo cha wafanyabiashara wa pwani. Baadaye reli ikafika Dodoma mwaka 1910. Katika safari hizo walikuwamo watu walioacha nyumba zao, wakabaki barani, wakakaa chini ya mti na kibao cha kuandikia, wakawafundisha watoto alifu na bee. Wengi wao makaburi yao hayana hata jiwe. Kazi yao ndiyo kazi ya Mus'ab, na hiyo ni sababu nyingine ya jina hili kuwa letu.

Mus'ab aliibeba bendera ya Waislamu katika Badri, mwaka 624, akaibeba tena katika Uhudi, mwaka 625, akauawa akiwa nayo. Kijana yule wa manukato hakuacha ila shuka moja. Walipomfunika kichwa, miguu ilionekana. Walipomfunika miguu, kichwa kilionekana. Mtume (S.A.W.) akaamuru kichwa kifunikwe kwa shuka, na miguu ifunikwe kwa majani ya idhkhiri. Miaka mingi baadaye, Abdurrahmani bin Aufi, tajiri katika masahaba, aliletewa chakula cha kufuturia, akamkumbuka Mus'ab, akalia mpaka akakiacha chakula.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzazi ni hili. Mwite mwanao Mus'ab, wala usiogope. Lakini kwanza keti na mama yako, umweleze kwa upole maana ya jina, kwa kuwa haifai mtoto apate jina jema kwa kumvunjia bibi yake heshima. Kisha liandike jina hilo kwenye karatasi, herufi kwa herufi, umkabidhi karani wa usajili, na ukisome cheti cha kuzaliwa kabla hujaondoka dirishani. Jina lisilozoeleka huandikwa Musa mahali pamoja, Musabu mahali pengine na Musibu mahali pa tatu. Na kijana akifika kutafuta shule, kazi au pasi ya kwenda Hija, huanza kuhangaika na viapo ili athibitishe kuwa watu hao watatu ni yeye mmoja. Nanyi majirani na walimu, msimfanyie mzaha kwa kumwita Msiba. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Al-Hujurati kuitana kwa majina ya kejeli.

Na zaidi ya yote, mzazi umfundishe mwanao Kurani. Jina bila malezi ni kibuyu kilichonakshiwa ambacho ndani hakina maji.

Ewe Mola wetu, wabariki watoto wetu na majina yao. Wajaalie wawe walimu wa kheri, wasiwe sababu ya hofu kwa yeyote. Warehemu walimu wetu waliotangulia katika nyanda hizi, wanaojulikana na wasiojulikana. Tuletee mvua yenye manufaa, iepushe nchi yetu na njaa na fitina, na utukusanye sisi na wazazi wetu pamoja na waja wako wema. Amin.