Sumu ya panya na watoto: mazungumzo na wakazi wa Chaani



Panya si mgeni Changamwe. Malori ya nafaka yapita hapa kutoka bandarini, na nyumba zetu zimeshikana. Kuna panya ambao hata paka wa Mombasa huwapisha njia. Lakini ile sumu ya kikaratasi inayotembezwa barabarani bila jina, tafadhali msiinunue. Mtoto akiila, daktari hajui aanzie wapi. Dawa halali ina nambari ya usajili ya PCPB kwenye pakiti. Hata hiyo msiichanganye na ugali wala samaki, kwani mtoto anayetambaa haoni chambo, aona chakula. Na paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye huweza kudhurika.

Mimi ningechagua mtego wa kubana, uwekwe ndani ya boksi lenye tundu la kupita panya tu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kabla ya hapo zibeni matundu, maana panya mdogo hupenya penye upana wa kalamu. Waya laini wa kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake. Unga ukae kwenye ndoo yenye kifuniko.

Mtoto akila sumu, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali ya Port Reitz, na mbebe pakiti. Msingoje dalili. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na mtoto huweza kucheza vizuri siku mbili tatu kabla hajaanza kutoka damu. Tiba yake ni vitamini K, nayo hutolewa na daktari.