Kati ya "Inakuja" na "Imesajiliwa": Dawa za Kuotesha Nywele na Wajibu wa Saluni na Duka la Dawa

Mada kwa semina ya wasusi, vinyozi na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, Sumbawanga

1. Utangulizi



Niliombwa nizungumzie dawa mpya za kuotesha nywele: zipi ziko njiani, na lini zitatufikia. Kabla sijafika huko, naomba chupa hii ipite mkono kwa mkono. Niliinunua hapa mjini. Duka silitaji, maana zinauzwa kwingi. Ni mafuta ya kahawia ndani ya chupa ya plastiki, kizibo kimezungushiwa selotepu. Lebo imetolewa kwa printa ya kawaida na wino umeanza kuchuja. Imeandikwa kwamba inaotesha nywele kwa siku 14, na kwamba ni "teknolojia mpya ya Marekani". Sasa igeuzeni. Jina la mtengenezaji hakuna. Namba ya toleo hakuna. Tarehe ya kuisha muda hakuna, wala orodha ya vilivyomo.

Tufanye hesabu ndogo. Nywele ya kichwani yenye afya hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu za kipilipili mara nyingi hazifiki hapo. Basi hata mafuta haya yangefanya kazi tangu siku ya kwanza, siku ya 14 mteja angekuwa na nywele yenye urefu wa punje ya mchele.

Hoja yangu ni moja. Habari za dawa zinazokuja nyingi ni za kweli. Lakini kati ya siku mteja anaposikia "dawa inakuja" na siku dawa hiyo inaposajiliwa hupita miaka, na ndani ya miaka hiyo watu huuziwa chupa kama hii, huku nywele ambazo zingeokolewa leo zikifa.

2. "Dawa" ipi?

Kiswahili chetu cha saluni kina mtego. Dada akisema "nimeweka dawa", ana maana amelainisha nywele kwa kemikali. Kwa msusi hiyo ni dawa ya nywele, ila kisheria ni kipodozi, na ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi.

Tofauti hii ina maana kiserikali. Tangu mwaka 2003 chakula, dawa na vipodozi vyote vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Mwaka 2019 mambo yakagawanywa: vipodozi na chakula vikaenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo kilainishi cha nywele unakiulizia TBS. Lakini mtu akisema mafuta yake yanatibu kunyonyoka kwa nywele, ameshadai tiba, na kinachodai tiba kinapaswa kupimwa kama dawa. Kama anauza mitishamba, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Chupa iliyo mikononi mwenu inataka vyote viwili: isifike TMDA kwa sababu ni "mafuta tu", na iuzwe bei ya juu kwa sababu ni "dawa".

3. Kilichopo na kinachotarajiwa

Kwa upara wa kurithi, ule unaoanzia pembe za paji au utosini, dawa mbili ndizo zilizotangulia duniani. Minoksidili ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipozitaka, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kama maji ya kupaka kichwani. Finasteridi ilikuwa ya tezi dume, mwaka 1992, na kwa dozi ndogo ikaruhusiwa kwa upara wa wanaume mwishoni mwa 1997. Hii ya pili si ya mjamzito, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Dawa ina zaidi ya miaka 30 sokoni, na bado tunajifunza habari zake.

Kwa ugonjwa mwingine, ule wa nywele kutoka kwa mabaka ya duara bila kidonda, hatua kubwa imepigwa karibuni. Marekani iliruhusu barisitinibu mwaka 2022, ritlesitinibu 2023 na deuruksolitinibu 2024. Katika majaribio ya barisitinibu, yaliyohusisha watu wapatao 1,200, takriban mmoja kati ya watatu waliopewa dozi kubwa alirudishiwa nywele asilimia 80 au zaidi ya kichwa ndani ya wiki 36. Hilo ni jambo kubwa kwa mgonjwa. Lakini dawa hizi hushusha kinga ya mwili, na kabla ya kuanza ni lazima mtu apimwe kifua kikuu. Tanzania imekuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mtu akileta vidonge hivi kwenye begi kutoka nje na kukuuzia bila kipimo, anaweza kukurudishia nywele na kukuamshia kifua.

Zinazosubiriwa sasa ni nyingine. Klaskoteroni ya kupaka, ya kampuni ya Cosmo, imekamilisha majaribio ya hatua ya tatu, na Desemba 2025 kampuni ilitangaza matokeo mazuri. PP405, ya kampuni ya Pelage, inayolenga kuamsha seli za shina zilizolala kwenye mzizi wa nywele, mwaka 2025 ilikuwa bado hatua ya pili.

Hapa nawaomba tusome tangazo la Cosmo kwa macho ya muuza duka. Katika jaribio moja walisema ongezeko la nywele lilizidi la dawa bandia, yaani ile ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake, kwa asilimia 539. Ni namba ya kutisha. Lakini asilimia hiyo ni ya nini? Ukiwa na shilingi 100 nami nikawa na 639, nimekuzidi kwa asilimia 539, na bado sinunui soda. Swali la mteja si nimezidi kwa asilimia ngapi. Swali lake ni nywele ngapi, na je, mtu wa pembeni ataziona?

Tukumbuke pia zilizoanguka. Mwaka 2023 kampuni ya Kintor ya China ilikuwa na dawa ya kupaka iliyosubiriwa kwa hamu. Matokeo ya jaribio la hatua ya tatu yalipofunguliwa mwezi Novemba, tofauti yake na dawa bandia haikutosha kuthibitisha kitu.

4. Ilungu na kintengwe

Sisi wa Ufipa hatuhitaji kwenda mbali kuelewa kwa nini dawa huchelewa. Malungu, matanuri ya kuyeyushia chuma ya wazee wetu, bado yamesimama porini. Mfuaji alipanga mawe ya chuma na mkaa ndani ya ilungu refu kuliko mtu, likawaka bila mivukuto. Kilichotoka hapo kilikuwa chuma, ila kilijaa taka. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kikachomwa upya kwa mivukuto, na baada ya hapo ndipo nyundo ikakitengeneza jembe. Aliyenunua jembe lililoruka kintengwe lilimvunjikia kwenye tuta la kwanza.

Majaribio ya dawa yana matanuri yake. Hatua ya kwanza huwa na watu wachache, kuona kama inadhuru. Ya pili hutafuta dozi na dalili za kufaa. Ya tatu huchukua mamia au maelfu, nusu au sehemu yao wakipewa dawa bandia bila kujua.

Dawa bandia ya nini? Wasusi mnalijua jibu kuliko mimi. Mama akijifungua, baada ya miezi kama 3 nywele humtoka kwa mafungu, kitana kinajaa. Mwili unarudi kwenye hali yake, na baada ya miezi kadhaa zinaota zenyewe. Sasa kama katikati ya hapo alinunua chupa hii, nani atapata sifa? Chupa. Atatoa ushuhuda kwa moyo mweupe kabisa, na hatakuwa mwongo. Kundi la dawa bandia ndilo linalotwambia nywele zipi zingeota hata bila chupa.

5. Kuruhusiwa kwao na kuruhusiwa kwetu

Dawa kuruhusiwa Marekani hakuifanyi iwe halali Sumbawanga. Lazima mtu aombe usajili TMDA, alete jalada la ubora, usalama na ufanisi, kiwanda kikaguliwe, na sampuli ikihitajika ipimwe maabara. Mamlaka yetu si ya kubezwa: Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia kiwango cha tatu cha ukomavu. Lakini TMDA haiwezi kusajili kitu ambacho hakuna aliyekiombea, na kampuni inayouza dawa ya gharama kubwa huanza na soko linaloweza kulipa. Kwa hiyo mteja akiuliza "lini itafika?", jibu la kweli ni kwamba hata ikishinda kila jaribio, safari ya kuja huku ni safari nyingine.

Katikati ya hapo bidhaa hupenya bila kuomba. Sisi tuko jirani na Zambia, na mnazijua njia za panya kuliko ramani. Mzigo uliopita huko hauna wa kumuuliza ukimdhuru mtu.

6. Nywele zinazotoka hapa kwetu

Nywele nyingi zinazotoka kwenye viti vyetu hazihitaji dawa ya mwaka 2030.

Mtoto wa shule mwenye mapunye ana fangasi. Fangasi wa kichwa yumo ndani ya nywele, mafuta ya juu peke yake hayamfikii. Anahitaji vidonge, griseofulvini kwa mfano, kwa dozi atakayoiandika mtaalamu kulingana na uzito, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, vikimezwa na chakula chenye mafuta. Kinyozi naye ana sehemu yake: mashine iliyotoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa kwa spiriti huupeleka ugonjwa darasa zima.

Binti aliyesukwa mpaka nyusi zikapanda, akameza Panadol ili alale, anapoteza nywele za pembeni ya paji kwa kuvutwa. Mwanzoni zinarudi akipumzishwa. Akirudia mwaka baada ya mwaka, mzizi unakufa. Katika baridi yetu ya Juni na Julai, wengi hukwepa kuosha kichwa na kukaa na msuko mmoja kwa miezi, na hapo mvuto huongezeka.

Mama anayepata upara utosini unaopanuka polepole, pengine kwa kuwashwa au kuuma, huenda ana ugonjwa unaoacha kovu, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini, walionyesha kuwa baadhi yao wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3. Kwa hiyo tusimlaumu kwa kusuka tu. Ngozi ikishashika kovu, hakuna kinachopakwa kitakachootesha nywele hapo. Huyu asisubiri. Aende hospitali ya mkoa, na ikibidi apewe rufaa kwa daktari wa ngozi.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila saluni iweke spiriti karibu na mashine, na msusi amuulize mteja "inauma?" kabla ya kuendelea.

Pili, duka la dawa muhimu lisipokee bidhaa isiyo na mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupokea mpango wa maduka haya baada ya kuanza Ruvuma mwaka 2003. Heshima hiyo tusiiuze kwa chupa moja.

Tatu, mteja akidhurika, ajaziwe fomu ya taarifa ya madhara katika kituo cha afya. Bila taarifa, chupa hii itaendelea kuwa na mashahidi wa upande mmoja.

8. Maswali ya majadiliano

(a) Mwenzako anauza bidhaa isiyosajiliwa na wateja wanaisifu. Unamwambiaje bila kuvunja ujirani?

(b) Mwalimu mkuu ana watoto 12 wenye mapunye. Kinyozi, duka la dawa na zahanati mtagawanaje kazi?

(c) Dada amekaa kwenye kiti chako, pembe za paji zimekuwa wazi, na anataka msuko uleule, akisema dawa inakuja. Utamjibu nini, ukijua kwamba ukikataa ataenda saluni ya jirani?

Chupa naomba irudi mezani, na asiionje mtu.