Boma Safi Lina Bei Yake

Hotuba kwa wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nje kidogo ya mji wa Nakuru



 Kwa kawaida mkituona sisi wa ofisi ya maendeleo ya jamii, mnajua tumekuja kuongea juu ya karo, njaa au ugomvi wa nyumbani. Leo tumekuja kuongea juu ya nyasi, maua na mitaro ya maji. Msicheke. Mtaona mbele kwamba karo na ugomvi wa nyumbani vimo humo humo.

Kuna familia moja tunayoijua, na jina lake tutaliacha. Walikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu katika ploti ndogo. Baba akaugua, deni la hospitali likapanda, wakakubaliana wauze na kuhamia shamba la wazee. Mnunuzi wa kwanza alikuja mwezi wa Aprili, asubuhi baada ya mvua. Gari aliliacha barabarani kwa sababu langoni palikuwa na dimbwi. Akaruka juu ya mawe mpaka mlangoni. Ukuta ulikuwa umerukiwa na matope karibu na dirisha, choo kilitazamana na lango, na mabati ya zamani yalirundikwa kando. Ndani alikaa dakika chache tu. Bei aliyotaja iliwafanya wenye nyumba wanyamaze.

Nyumba yenyewe ilikuwa imara. Lakini yule mtu hakuona nyumba, aliona kazi inayomngojea, na kila kazi aliitoa kwenye bei. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuseme nini cha kufanya, tena bila pesa nyingi.

Kwanza ni maji. Wengi wetu tunaanza na maua, na hapo ndipo tunapokosea. Udongo wetu wa huku umetokana na majivu ya volkeno. Ni mwepesi, wakati wa mvua unabebwa upesi, na wakati wa kiangazi unakuwa vumbi. Kwa hivyo kabla ya kupanda chochote, simama nje mvua ikinyesha uangalie maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Ardhi inayoizunguka nyumba iteremke kutoka ukutani, kama sentimita 15 kwa kila mita 3. Maji yakisimama kwenye msingi, ukuta unapata unyevu na rangi inabambuka. Mnajua wenyewe: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Halafu weka gata. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ikinyesha milimita 20, linatoa karibu lita 1,000. Maji hayo yakianguka ovyo yanachimba shimo na kurusha matope ukutani. Yakiingia kwenye tangi, yanafua nguo na kumwagilia mboga. Tangi likijaa, yale ya ziada yapewe mtaro wenye mawe au nyasi, na mtaro usielekezwe kwa jirani. Kesi ngapi tumesikiliza za maji ya jirani!

Pili ni fensi na lango. Ua wa miti hai ni rahisi kuliko ukuta wa mawe. Kayaba ni nzuri sana kwa sababu ya miiba yake. Panda miche kwa nafasi ya futi moja hivi, na uikate mara kwa mara tangu ikiwa midogo ili ishikane kuanzia chini. Ukiiacha irefuke kwanza, mbuzi watapita chini yake. Mnyaa unaota haraka, lakini utomvu wake unaumiza macho vibaya, kwa hivyo mwenye watoto wadogo afikiri mara mbili. Lantana ina maua ya kupendeza, lakini inasambaa hadi shambani na ni sumu kwa mifugo. Oleanda nayo ni sumu, majani na maua yote, usiipande mahali watoto wanapochezea.

Tena angalieni bikoni za mpaka. Panda ua ndani ya mpaka wako, na bikoni zenyewe ziachwe zionekane. Siku ya kuuza, mpimaji akikosa bikoni, au ua ukipatikana umeingia kwa jirani au kwenye nafasi ya barabara, mnunuzi anaogopa na biashara inalala.

Tatu ni nyasi. Hapa Mungu alitupendelea. Nyasi za Kikuyu ni za nyanda zetu za juu, na watu wa Australia na Afrika Kusini walizichukua wakazipanda kwao. Sisi tunazing'oa tukibaki na vumbi! Omba vipande vya mizizi kwa jirani, vipande mwanzoni mwa mvua za masika kwa nafasi ya shubiri moja, palilia, halafu subiri. Zikishika, zinazuia mmomonyoko wa udongo na vumbi haliingii nyumbani. Ila zinatambaa. Kati ya nyasi na bustani ya mboga chimba kifereji chembamba ukikatie kwa jembe kila mwezi.

Nne ni miti. Hapa tuungame kosa letu. Katika uwanja wa ofisi yetu tulipanda grevilea karibu mno na jengo, kwa sababu miche ilikuwa midogo na tulitaka kivuli haraka. Miaka ikapita, majani yakaziba gata na matawi yakagonga mabati kila upepo ukivuma. Tukalipa mtu wa kuikata. Kwa hivyo miti mikubwa iwe angalau hatua kumi kutoka kwa nyumba, na isiwe chini ya nyaya za stima wala juu ya shimo la maji machafu. Mikaratusi, yaani blugamu, inakunywa maji mengi, ipandwe mbali na kisima na mbali na nyumba. Karibu na nyumba panda miti midogo ya matunda, kama ndimu. Parachichi la kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, nalo lipewe nafasi yake. Mnunuzi akikuta mti unaozaa, anajua boma hili lina mtu.

Tano ni choo, takataka na njia. Choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na mbele yake panda pashoni ya kutambaa au migomba ili kisitazamane na mgeni. Vyuma na mabati ya zamani uza au panga nyuma. Kutoka langoni hadi mlangoni weka njia ya kokoto au mawe bapa. Mboga pia ni pambo: sukuma wiki na managu kwenye matuta yaliyonyooka yanapendeza kama maua, na jioni yanaliwa.

Sasa kuhusu bei. Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila shilingi mtakayotumia itarudi. Mahali ploti ilipo, barabara, maji na hati ya kumiliki ndivyo vinavyotangulia. Kwa hivyo msikope ili kununua maua ya bei kwenye vitalu. Tumia jembe, mbegu za kuomba na muda. Misimu miwili inatosha kubadilisha boma, lakini wiki moja kabla ya mnunuzi kuja haitoshi.

Turudi kwa ile familia. Walifanya hayo kwa misimu miwili, na watu wa jumuiya yao waliwasaidia kuchimba mtaro Jumamosi mbili. Lakini kazi ya kila siku, ya kupalilia na kumwagilia na kukata ua, ilikuwa ya mama. Mnunuzi mwingine akaja, akataja bei iliyo bora zaidi. Hapo ndipo shida ikaanza. Baba akasema hati ina jina lake, atauza na atapanga pesa mwenyewe. Mama akaja ofisini kwetu, mikono yake bado ina michubuko ya kayaba, akauliza, "Je, mimi nilikuwa kibarua?"

Ndugu zetu, sheria imejibu swali hilo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, kama hii yetu ya kanisani, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja. Mchango unaohesabiwa si pesa peke yake. Kutunza nyumba, kulea watoto na kazi ya shambani ni mchango. Na mwenzako akiboresha mali ambayo ni yako peke yako, anapata haki kulingana na alichochangia. Tena ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima ruhusa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ipatikane.

Hatukwenda kortini. Tuliketi na wote wawili pamoja na mzee mmoja wa jumuiya. Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye deni na hofu. Wakaandika: deni la hospitali lilipwe kwanza, kisha nyumba ndogo kule shambani, na linalobaki liwe akiba kwa majina mawili. Wote wakatia sahihi. Mama alipoondoka alibeba miche ya kayaba kwenye gunia.

Wengine mtasema, sisi hatuuzi, wazee wetu wamezikwa humu. Vizuri sana. Basi boma ni la kuishi, na anayeishi ndani yake anastahili uzuri kabla ya mnunuzi. Katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba mahali tunapoishi panagusa namna tunavyofikiri na tunavyojisikia. Na katika Mwanzo 2:15 mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hiyo ilitolewa mapema, kabla ya kosa lolote.

Kwa hivyo Jumapili hii mkitoka Misa, kabla hujaingia ndani, simama langoni kwako utazame kama mgeni. Andika mambo matatu yanayokuudhi. Mlete karatasi hizo kwenye mkutano wa jumuiya, tuanze na boma la yule asiye na nguvu, mjane au mgonjwa, halafu tuendelee kwa zamu. Majembe yapo, na mvua haitungojei.