Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Tulipoanza kikundi sote tulikuwa wachumaji wa chai hapa Kericho. Kazi ya vidole: majani mawili na chipukizi, na kilo ndizo mshahara. Mashine zikazidi kuingia mashambani. Mwezi wa Mei 2023 nyingine zilichomwa moto kwa hasira, mnakumbuka. Sisi hatukushangilia, ingawa wenzetu kumi na mmoja walikuwa wameshaambiwa wabaki nyumbani.

Mkutano ule tuligombana, tusifiche. Wengine walitaka akiba igawanywe, kila mtu ashike njia yake. Mwishowe tukatoa mkopo wa kusomea kazi, bila riba. Wawili wakajifunza mashine hiyo hiyo, kuiendesha na kunoa visu vyake. Eti kazi ya wanaume! Leo wanaitwa. Sita wakajifunza kupogoa na kuotesha miche. Mashine hukata jani changa na gumu pamoja, kwa hiyo wakulima wadogo bado wanataka mkono unaochagua.

Watatu hawajapata kitu, na mkopo wanadaiwa. Hao hatuwasukumi. Kikao cha Jumamosi tutaanza na habari yao.